Mapigo ya Kizingiti

Anavyosimulia Mama Sharon, Jumamosi ile asubuhi Mzee Zenon alikuwa anarudi kutoka Kaoze na kiroba cha mchele begani. Lori lilikuwa limemshusha njia panda, naye akawa anajikongoja kuelekea kwake. Mara akamwona Adela, mtoto wa marehemu mdogo wake, anakuja mbio kutoka mbele. Mzee akasimama. Akatua kiroba chini, maana salamu haipokelewi na mzigo begani, akafunga na kifungo cha koti. Adela akamtazama usoni, akatazama saa mkononi, akampita. Hakupunguza mwendo, hakufanya ishara wala hakutamka neno. Mzee akabaki amesimama pale kama mtu aliyeachwa na basi, na kiroba hakuweza kukipandisha tena begani peke yake. Ikabidi yeye Mama Sharon aache ulezi wake shambani, avuke mtaro, aende kumtwika.

Simulizi hiyo imepita kisimani, mashineni na nje ya kanisa, na kila mahali imeongezewa kitu. Kisimani kiroba kilikuwa cha kilo kumi na tano. Kufika mashineni kilikuwa cha ishirini na tano, na mzee alikuwa ametokwa na machozi. Machozi hayakuwapo. Mengine ni ya kweli, isipokuwa hilo kwamba Adela hakufanya ishara yoyote, na kwa hilo Mama Sharon hana lawama, kwa sababu kutoka shambani kwake ishara yenyewe isingeonekana.

Adela ana miaka kumi na tisa. Alimaliza darasa la saba hapo hapo kijijini kwao, Kasense, akabaki nyumbani na mama yake, wanalima mahindi na ulezi. Baba alifariki zamani, na kila karatasi inayodai jina la mlezi hupelekwa kwa baba mkubwa Zenon.

Mwezi wa tano kulikuwa na mbio mjini Sumbawanga, kilomita kumi. Adela alikimbia na raba za mtumba zilizopishana saizi, akashika nafasi ya pili kwa wanawake. Nyuma yake kwa dakika tatu nzima alifika bwana mmoja mpima ardhi, Lwitiko, mtu wa Rungwe aliyeletwa Sumbawanga na kazi. Alipopata pumzi alimfuata kumuuliza anafundishwa na nani. Adela akamjibu hafundishwi na mtu. Akamuuliza basi anakimbia wapi. Akamjibu njiani.

Lwitiko alimfahamu mwalimu mmoja wa riadha kule Mbeya, jina lake Suma, mwenye kambi ndogo ya wasichana. Vitanda vinane, chakula, na mafunzo ya mwaka mzima. Jumapili moja ya mwezi wa sita akampigia simu. Suma akasema vitanda saba vimeshajaa, kimebaki kimoja, na wanaokitaka ni wengi. Yeye hapokei mtu kwa sifa wala kwa muda alioambiwa na mjomba wa mtu. Anataka vitu viwili: mapigo ya moyo ya kizingiti, yaliyopimwa kwa saa na mkanda wa kifuani, yamfikie kabla ya Jumamosi jioni, na fomu iliyosainiwa na mlezi, msichana aje nayo mkononi.

Fomu Adela aliipeleka kwa baba mkubwa siku hiyo hiyo. Mzee aliisoma mara mbili, akamrudishia. Alisema hasaini safari ambayo haijulikani kama ipo. Namba ikipatikana, alete karatasi, atasaini.

Kwa hiyo kila kitu kikawa juu ya namba.

Lwitiko alimwazima saa yake mwenyewe, nyeusi, nene, na mkanda wa kufunga chini ya matiti. Akamweleza kizingiti ni nini. Weka debe lililotoboka chini ya bomba, alisema. Ukifungua maji kidogo, yanayoingia yanatoka yote, debe halijai. Ongeza kidogo, bado yanatoka. Lakini kuna mahali ukishafika, ukiligusa tu bomba maji yanaanza kupanda. Miguu ya mkimbiaji ndivyo ilivyo. Ukikimbia mwili unatengeneza asidi na mwili huo huo unaisafisha. Mwendo ukizidi, unashindwa kusafisha, na miguu inawaka moto. Mapigo ya moyo ya pale maji yanapotaka kuanza kupanda ndiyo ya kizingiti. Anayeyajua anakimbia chini yake kidogo tu, saa nzima, haungui. Asiyeyajua anabahatisha. Adela alielewa mara moja, kwa sababu kwao debe lilikuwa limetoboka kweli.

Saa yenyewe ingempandisha ngazi kwa ngazi. Dakika nne kwa mapigo ya chini, dakika nne juu kidogo, hivyo hivyo mpaka ikaribie nusu saa. Ikilia mara moja, aongeze. Ikilia mara mbili, apunguze. La msingi, mapigo yasiporomoke katikati. Yakiporomoka, saa inaacha kuhesabu, inaandika kwamba haikupata kitu.

Jumatatu alikimbia njia ya Mollo, ambayo ndiyo ndefu na iliyonyooka. Saa haikupata kitu. Lwitiko alisema kosa ni mkanda. Baridi ya mwezi wa sita haimtoi mtu jasho mapema, na mkanda ukiwa mkavu hausikii moyo. Aulowanishe kabla ya kuufunga. Akamuuliza kama alisimama mahali popote. Adela akasema hakusimama.

Jumanne aliulowanisha kwa maji yaliyolala nje, ya baridi mpaka alifunga meno. Saa haikupata kitu. Jioni Lwitiko alifungua mipangilio ya saa, akacheka peke yake. Hakuwa amebadilisha taarifa zake. Saa ilikuwa inaamini aliyeivaa ni mwanaume wa miaka thelathini na nane mwenye kilo themanini na moja. Siku mbili ilikuwa inamtafuta Lwitiko ndani ya kifua cha Adela. Akaandika upya umri, uzito na jinsia. Akamuuliza kama alisimama mahali. Adela akasema hapana.

Jumatano haikupata kitu. Safari hii Lwitiko alilaumu jezi ya nailoni. Upepo ule mkavu ukiipigapiga, alisema, inazalisha umeme mdogo na mkanda unachanganyikiwa. Avae fulana ya pamba. Na hakusimama? Hakusimama.

Adela hakuwa anadanganya. Ni mtu anayetazama kuliko anavyosema, na kwa siku zile tatu alikuwa ameitazama ile saa mpaka akaanza kuijua tabia yake. Ila swali aliloulizwa alilijibu kama alivyolielewa.

Alhamisi jioni Lwitiko aliacha mambo ya mkanda na jezi. Aliwasha simu, akafungua mchoro wa mapigo ya siku zote tatu, akamwita Adela aje aone. Mstari ulikuwa unapanda vizuri, kisha unatumbukia. Unapanda tena, unatumbukia. Mchoro wa Jumatano peke yake ulikuwa na mashimo saba.

"Hapa palikuwa na nini?" aliuliza, kidole kwenye shimo la kwanza.

"Hapo nilikuwa namsalimia Mzee Ignasi."

"Na hapa?"

"Bibi yake Modesti. Huyo ana maneno mengi, ndiyo maana shimo lake pana."

"Adela. Siku tatu nakuuliza kama ulisimama, unasema hukusimama."

"Sikusimama, kaka. Nilichuchumaa."

Lwitiko aliizima simu, akaiwasha tena, kana kwamba ingekuja na habari nyingine. Asubuhi njia ya Mollo ina watu wengi waendao kuvuna, na wazee ndio wanaotangulia. Msichana hamrushii mzee salamu huku anapita. Anachuchumaa pembeni, anapiga makofi taratibu, anauliza hali, anaulizwa ya kwao, anajibu, anaaga, ndipo anainuka. Kwa Adela hiyo ilikuwa sehemu ya njia, kama mlima na mteremko. Hakuna anayesema alisimama kwa sababu alipanda mlima.

Lwitiko hakumcheka. Kwao Rungwe nao wana adabu yao. Alisema tu kwamba basi kesho apite bila kusalimia, mara moja tu, watu wataelewa. Adela akasema hawataelewa. Wakafikiria uwanja wa mjini. Wiki ile ulikuwa umefungwa, wanasimika mahema ya sherehe. Wakafikiria jioni, jioni kuna upepo unaomrudisha mtu nyuma, na mapigo yanapanda kwa upepo badala ya mwendo. Wakafikiria kuamka usiku wa manane. Mama yake Adela, aliyekuwa anapepeta karibu, akasema bila kuinua kichwa kwamba msichana wake hatakimbia gizani kwa sababu ya saa.

Mwisho Adela akaomba Ijumaa iwe yake. Lwitiko akamwambia anatupa siku, na siku zenyewe zimebaki mbili. Adela akasema haitupi.

Ijumaa alipita nyumba kwa nyumba, zote zilizo kando ya njia ile. Kila alipoingia alisalimia salamu nzima, isiyopungua, kisha akaeleza. Kesho asubuhi atapita hapa mbio. Hatasimama, hatachuchumaa, hatasema kitu. Si dharau. Kuna kipimo cha moyo, na moyo ukitulia katikati kipimo kinaharibika. Kwa hiyo salamu ya kesho ameileta leo.

Wengi walikubali, baadhi baada ya kutaka kuiona saa. Mzee Ignasi alisema amesikia mambo mengi katika maisha yake, lakini kulipwa salamu kabla haijafika zamu yake hajawahi, na anaipokea. Bibi yake Modesti alikuwa mgumu zaidi.

"Kwa hiyo kesho nikikuona nijifanye sikukuona?"

"Ndiyo, bibi."

"Na nikisahau nikakuita?"

"Usisahau, bibi."

"Mimi na umri huu niambiwe nisisahau," alisema bibi, lakini alikubali.

Kwa baba mkubwa Zenon hakwenda. Mzee alikuwa ameshuka bondeni Kaoze tangu Jumatano, binti yake amejifungua, na alikuwa ameaga kwamba atarudi Jumapili. Adela aliipita nyumba yake, akaona mlango umefungwa kwa kufuli, akaendelea na nyumba inayofuata. Baadaye aliikumbuka kufuli ile mara nyingi. Angeweza kuacha neno kwa jirani. Haikumjia.

Jumamosi alianza saa kumi na mbili na nusu. Mkanda umelowa, fulana ya pamba, saa inamjua kwa umri wake. Ngazi ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Kwa Mzee Ignasi alimkuta mzee ameugeukia ua wake, amempa mgongo, anachunguza mti mmoja kwa makini sana. Mbele kidogo bibi yake Modesti alimwona kwa mbali, akaketi kwenye kisiki na kujifunika kitenge kichwa kizima mpaka miguu ilipompita. Wengine walitazama mashamba yao. Njia nzima ilikuwa imenyamaza kwa ajili yake, na ndani ya ukimya ule Adela alisikia pumzi zake na raba zake, na saa ikilia mara moja, mara moja, mara moja. Hakuwa amewahi kukimbia hivyo. Debe lilikuwa linaingiza na kutoa.

Dakika ya ishirini na sita alikuwa kwenye ngazi ya mwisho, mapigo mia moja sabini na saba, wakati mtu alipotokea mbele na mzigo begani. Alimjua kwa mwendo kabla hajamjua kwa sura. Mzee Zenon huegemea kushoto tangu alipovunjika nyonga. Adela akatazama saa. Zimebaki dakika mbili.

Kama mzee angeendelea kutembea, pengine ingekuwa nafuu; wangepishana kama watu wenye haraka zao, na maelezo yangefuata. Lakini mzee alisimama. Akatua kiroba. Akashika kifungo cha koti. Alikuwa anajiandaa kusalimiwa na mtoto wa mdogo wake kama inavyopasa.

Adela alikutanisha viganja kifuani mara mbili. Makofi ya mtu anayekimbia hayana tofauti na ya mtu anayekung'uta vumbi. Alifungua kinywa, ikatoka pumzi, neno halikutoka. Akapita. Saa ikalia mara moja, kumtaka aongeze, akaongeza. Hakugeuka nyuma.

Dakika mbili baadaye ile saa ilitetemeka kwa namna ambayo haikuwahi kutetemeka. Kwenye kioo palikuwa na mia moja sabini na sita.

Aligeuka hapo hapo, akarudi njia ile ile akitembea kwa haraka. Pale mahali hapakuwa na mtu. Palikuwa na alama ya kiroba kwenye vumbi, na upande wa pili wa mtaro Mama Sharon alikuwa amerudi kwenye ulezi wake, ameshika kiuno, anamtazama. Adela alimsalimia. Mama Sharon aliitikia kwa kumtaja jina tu.

Lwitiko alikuja na pikipiki, akaipiga saa picha mara nne, akaituma namba Mbeya. Kabla hawajafika nyumbani Suma alikuwa amejibu. Namba ni nzuri na mchoro ni safi. Kitanda ni cha Adela. Afike Jumatatu na fomu yake, na asipofika Jumatatu, Jumanne kitalaliwa na mwingine. Lwitiko alisoma ujumbe ule kwa sauti mara mbili. Adela ndipo alipomweleza kuhusu baba mkubwa.

Lwitiko alifikiri, kisha akasema mlezi ni neno pana. Fomu haisemi lazima awe ndugu. Hata yeye angeweza kusaini, na hakuna ambaye angeuliza. Adela alisema hapana, kaka. Alisema baba mkubwa yupo hai, na nyumba yake ni ile pale.

Jumamosi jioni alikwenda, akaambiwa na wajukuu kwamba mzee amelala. Jua lilikuwa bado halijazama. Jumapili baada ya misa alikwenda tena. Mama yake alimfungia unga wa ulezi kwenye bakuli, akamtandikia kitambaa juu, na hakumpa ushauri wowote. Njiani alikutana na watu watatu ambao kwa namna walivyomwitikia ilionekana wameshaisikia habari ya kiroba, na mmoja wao alikuwa bibi yake Modesti, aliyemshika mkono akamwambia kwamba angalau yeye alilipwa kabla.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, anaparua mpini mpya wa shoka kwa kipande cha chupa. Adela alichuchumaa mbali kidogo, akaweka bakuli chini, akapiga makofi.

Mzee aliitikia. Aliuliza hali ya mama, akajibiwa. Aliuliza mavuno, akajibiwa. Aliuliza kama yule ng'ombe wao amepona kwato, Adela akasema amepona. Yeye naye aliuliza ya Kaoze, akaambiwa mama na mtoto ni wazima, mtoto ni wa kike. Salamu haikupungua hata kipande. Ilikwenda mpaka mwisho wake, na ilipoisha mzee akarudi kwenye mpini.

Adela hakuinuka. Alieleza kila kitu tangu Jumatatu: mkanda, jezi, mashimo, nyumba alizopita Ijumaa, na kufuli aliyoikuta mlangoni. Hakuilaumu saa. Alisema alimwona, alimtambua, aliona anatua mzigo, na alipita. Akaomba radhi.

Mzee alipuliza unga wa mti uliokuwa magotini mwake.

"Namba ilipatikana?"

"Ilipatikana, baba. Mia moja sabini na sita."

"Ndiyo ya moyo wako hiyo."

"Ndiyo, baba."

"Ukaipatia wapi?"

Angeweza kusema Mollo, na isingekuwa uongo mkubwa. "Mbele kidogo ya pale ulipotua kiroba."

"Kwa hiyo wakati unanipita ulikuwa unanihesabu na mimi."

"Nilikuwa nahesabu dakika, baba. Zilibaki mbili."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, si kwa kukataa wala kwa kukubali; alitikisa kama mtu anayeweka jambo mahali pake. Kuku walikuja kuchungulia bakuli, Adela akawafukuza kwa mkono bila kugeuza macho. Alitoa fomu kwenye mfuko wa plastiki, akaikunjua, akaiweka kwenye ukingo wa kigoda mahali ambapo mkono wa mzee ungefika bila kujinyoosha. Juu yake akaweka kalamu ili upepo usiichukue.

"Baba mkubwa, basi la Mbeya linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Naomba unisainie niende."

Mzee aliunyanyua mpini, akafumba jicho moja, akaupima kama umenyooka. Karibu na katikati palikuwa na kifundo kidogo. Akaulaza tena magotini, akageuza kile kipande cha chupa upande wenye makali, akaanza kuparua hapo; kalamu hakuigusa, wala fomu hakuirudisha.